Nyumba Isiyoshikwa

Tulipomzika mama mkwe wangu mwaka huu, binti yangu Akoth ndiye aliyesimama kusema kwa niaba ya wajukuu. Alishika kipaza sauti kama mtu aliyezaliwa nacho, akawaambia watu waliojaa chini ya turubai kwamba yuko hai kwa sababu ya mikono ya nyanya yake, Dani, kama Wajaluo wanavyoita. "Nilikuwa na miaka mitatu," akasema, "baridi ilitaka kuniua, na Dani akakanda udongo akaziba nyumba yetu." Watu wakaguna kwa kuridhika, wanawake wawili wakafuta macho, na mimi niliyekaa kiti cha mbele, nimevaa kitenge kipya na viatu vinavyobana, nikaitikia kwa kichwa kama wengine. Sikuwa na la kukana. Udongo ulikandwa kweli, na mikono ilikuwa ya marehemu kweli. Ila Akoth alikuwa ameisimulia hadithi ile kuanzia mwisho wake, na katika turubai lote nilibaki mimi peke yangu niliyekumbuka ilivyoanza. Nimesharudi Migori, nimefungua kibanda changu cha mitumba sokoni, nimeuza na kufunga, na kila nikikaa chini kupumzika ninajikuta nimerudi katika chumba kile.

Kilikuwa Kabondo, sehemu ya Homa Bay inayopanda kuelekea Kisii. Mtu akisikia Homa Bay huwaza ziwa, jua kali na omena zilizoanikwa. Aje Kabondo mwezi wa saba. Ukungu hushuka alfajiri ukakaa mpaka saa nne, mchana mvua ya mawe hutoka upande wa Kisii bila kupiga hodi, na jioni ardhi hutoa ubaridi unaokupanda miguuni mpaka magotini. Mwenye nyumba nzuri huona raha. Hula viazi vitamu kwa uji moto, akasifu hali ya hewa. Nyumba yangu haikuwa mbovu, ilikuwa haijaisha. Mume wangu Ochieng' alisimamisha nguzo, akafunga fito, akaezeka mabati, tukakandika udongo mara ya kwanza. Yeyote aliyejenga kwa udongo anajua kwamba mkandiko wa kwanza ukikauka hupasuka kila mahali, na hiyo si kasoro, ndiyo kawaida yake. Unangoja, kisha unarudi na udongo laini uliochanganywa mchanga na kinyesi cha ng'ombe, unaziba nyufa, unalainisha kwa kiganja, ndipo ukuta unakuwa ukuta. Ochieng' aliondoka kwenda Osiri kuchimba dhahabu akisema atarudi kabla ya mvua ndefu tumalize. Alirudi mwezi wa pili ndani ya jeneza. Shimo lilimfunika. Sitalisema hilo zaidi ya hapo, kwa sababu mwaka ninaousimulia uliishia kuwa mwaka wa ukuta wake kuliko wa kifo chake.

Akoth alikuwa na ugonjwa wa selimundu. Huku kwetu, Migori na Homa Bay yote, kila mtu anamjua mtoto wa namna hiyo, hata kama hajui jina la ugonjwa. Ni yule mwenye macho ya manjano, anayechoka kabla ya wenzake, anayelia mifupa. Daktari mmoja mwanamke wa hospitali ya Migori ndiye aliyetuambia, mwaka mmoja kabla, Ochieng' akiwa amemshika mtoto mapajani. Hakutuficha kitu. Alisema, "Dawa zake mtampa kila siku, maji anywe mengi, na malaria msicheze nayo. Lakini baridi, mama yangu. Baridi ikimwingia, damu yake inagandana ndani ya mishipa, na hapo ndipo maumivu yanakuja. Asinyeshewe. Asilale penye upepo." Nilikuwa nimeshayaona maumivu hayo. Viganja na nyayo zilivimba kama mandazi, na mtoto alilia mpaka sauti ikaisha, akaendelea kulia kwa mdomo wazi usiotoa kitu. Basi nikiwa mjane wa miaka ishirini na saba, nimelala katika chumba ambacho kila ufa wake ulipitisha mwanga, sikuwa na hesabu nyingi kichwani. Nilitaka jambo moja, ukuta uzibwe kabla ya baridi.

Na hapo nikafanya kosa ambalo mwanamke wa Kijaluo, hata awe mtoto, asingelifanya. Mimi ni Mkuria wa Kehancha. Kwetu mwanamke asiyekandika ukuta wake husemwa kisimani. Wiki ya tatu baada ya mazishi nilichimba udongo nyuma ya nyumba, nikaupiga maji, nikaukanyaga kwa miguu huku Akoth akinirushia vijiti na kucheka, nikaanza na ukuta wa upande wa Kisii unakotoka upepo. Nilikuwa nimefika usawa wa dirisha Mama, ndivyo nilivyomwita mama mkwe wangu, alipotokea shambani na kikapu cha viazi kichwani. Hakukitua kikapu, alikiacha kikaanguka. Alinipita kama hanioni, akauvamia ukuta kwa mikono miwili, akaanza kuukwangua ule udongo mbichi na kuutupa chini, akiwa analia kwa sauti kama vile Ochieng' amekufa mara ya pili.

"Nyar Kuria!" akanipigia kelele. Binti wa Wakuria, ndilo jina langu pale, nzuri au mbaya kulingana na siku. "Nani alikuambia ushike hii nyumba? Nani?"

"Mama, naziba tu. Mtoto atapata baridi."

"Nyumba ya mjane haishikwi! Haishikwi mpaka achukuliwe! Unataka kuua mtoto wa Ochieng'?"

Nilibaki nimesimama, udongo ukinikauka mikononi. Hapo ndipo nilipofundishwa, na jirani mmoja aliyekuja mbio kwa makelele akakamilisha mafunzo. Mwanamke aliyefiwa nyumba yake haiguswi, haizibwi wala haiezekwi, mpaka ndugu wa mumewe amchukue kama mke kulingana na mila, jambo wanaloliita tero. Nyumba ikishikwa kabla ya hapo, chira, laana ya mwiko uliovunjwa, huingia, nayo haimshiki mkosaji, huwashika watoto. Huanza kukonda, wakanyauka, wakafa. Mpaka hapo pia mimi mwenyewe sikuruhusiwa kukanyaga nyumba ya mtu mwingine, hata jikoni kwa Mama. Nilipewa chakula mlangoni, na wao hawakuingia kwangu. Sitajifanya kwamba sisi Wakuria hatuna mambo yetu juu ya mjane, tunayo na mengine ni mazito. Lakini mila ya kwenu huijui kuwa ni mila, unaiona ni hali ya hewa. Hii ya kwao niliiona wazi kabisa, kama mtu anavyouona ukuta aliojigonga.

Unaweza kuuliza kwa nini sikuondoka. Hata Akoth aliwahi kuniuliza, akiwa sekondari, kwa ile sauti ya vijana inayodhani barabara zote zilikuwepo tangu zamani. Nilimpigia kaka yangu Kehancha kwa simu ya kuazima, nikiwa nimechuchumaa nyuma ya choo ili nisisikike. Aliniambia, "Robi, ng'ombe wa watu walikuja, na wakakuoa. Ukirudi, tutazungumza nini na wao?" Akaongeza kwamba ningeweza kuja kuwasalimia, kama ningekuja peke yangu. Akoth alikuwa wa ukoo wa baba yake, na hilo halikuwa na mjadala. Siku nilipomfunga mgongoni nikashika njia ya barabara kuu, watoto wa boma walinifuata, kisha wanawake, kisha Mama mwenyewe, hakuna aliyenigusa wala kunitukana, walitembea tu nami kimya kimya mpaka nikachoka na kugeuka. Nilirudi ndani nikaketi kitandani. Ni chumba cha hatua sita kwa nne. Ninakijua kuliko ninavyoijua sura yangu.

Kwa hiyo nilianza kukitayarisha kwa ndani. Udongo wamekataza, sawa, sikugusa udongo. Niliomba katoni kwa mwenye duka, za sabuni na za mafuta ya kupikia, nikazifungua nikazifunga kwenye fito kwa kamba za katani. Juu yake nikatundika magunia ya sukari niliyoyashona pamoja kwa sindano ya mkeka. Ufa wa chini ya mlango niliuziba kwa suruali ya Ochieng' niliyoijaza nyasi kavu, miguu yake miwili ikilala kizingitini kama ya mlevi, na Akoth akawa anaisalimia kila asubuhi, "Baba, amka." Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaenda nje. Kitanda nilikivuta katikati ya chumba, mbali na kuta zote. Nilijaza chupa za soda maji ya moto, nikazivika soksi, nikaziweka miguuni pa mtoto. Mama alikuja mlangoni akaziangalia katoni kwa muda mrefu, midomo yake ikihesabu dhambi, mwishowe akasema, "Hiyo ni karatasi. Karatasi si nyumba." Nikashukuru, maana kisicho nyumba hakina mwiko. Mvua ndefu zilipoanza nikaelewa alisema kweli kuliko alivyokusudia. Katoni zilinyonya unyevu, zikavimba, zikalegea, zikaanguka moja baada ya nyingine mchana kweupe tukiwa tunakula.

Jiko la makaa nalo lilikuwa mtego wa aina yake. Ukiliingiza ndani na kufunga dirisha, hewa yake inaweza kuwalaza msiamke. Kila mwaka husikika familia iliyolala hivyo. Ukiacha dirisha wazi, joto linatoka na upepo unaingia, na umechoma makaa bure. Niliwasha jiko nje mpaka makaa yakawa mekundu yote, nikaliingiza, nikakaa karibu na dirisha lililo wazi nusu, mkono mmoja kwenye mbao za dirisha, mkono mmoja kwenye paji la uso wa mtoto, nikifungua na kufunga, nikifungua na kufunga. Jioni zangu ziliisha hivyo. Halafu nililitoa nje jiko, na baridi ikarudi mahali pake kama mwenye nyumba.

Kulikuwa na kanisa. Nilibatizwa Msabato nilipoolewa, na nilikuwa naimba sauti ya pili. Mzee wa kanisa, Mzee Elisha, alipokuja kunitembelea nilimweleza yote, naye akakasirika kwelikweli, uso ukamwiva. "Dada Robi," akasema, "hizo ni mila za giza. Sisi tutakuja Jumapili, vijana wa kanisa na mimi, tutaiziba nyumba hii kwa jina la Bwana. Nawe usikubali mwanamume akuchukue. Ukikubali umeliacha kanisa." Nilihesabu siku. Jumapili walikuja kweli, wanaume saba, na toroli la mchanga, na ndoo, na mmoja alikuwa ameshakunja suruali. Mama hakuwafukuza. Aliketi tu kwenye kigoda mbele ya ukuta, akamtazama kila mmoja na kumtaja kwa jina la mama yake. "Wewe si mtoto wa Nyar Kano? Una watoto wangapi? Watatu? Haya. Shika huo udongo. Na wewe?" Hakuna aliyeshika. Walikuwa Wasabato kuanzia kitovuni kwenda juu. Chini ya hapo walikuwa Wajaluo kama yeye, na wote walikuwa na watoto nyumbani. Mzee Elisha akasema labda tuanze na maombi. Waliomba sana siku hiyo, waliomba vizuri, kisha wakalisukuma toroli lao kurudi walikotoka na mchanga wao ndani. Sikuwahi kuwachukia kwa kuogopa. Niliwachukia baadaye, kwa sababu mwisho wa mwaka huo huo jina langu lilifutwa katika kitabu cha kanisa kwa kosa la kuchukuliwa, na aliyelisoma mbele ya watu ni Mzee Elisha.

Faida pekee ya ukuta wenye nyufa ni kwamba unasikia. Jiko la Mama lilikuwa hatua chache kutoka kichwani pa kitanda changu, na Kijaluo changu kilikuwa kimekomaa kuliko walivyodhani. Mchana mmoja wa mvua, Akoth akiwa amelala kifuani kwangu, nilimsikia Mama akizungumza na Owuor, kaka mdogo wa Ochieng', ambaye kila mtu alijua ndiye angenichukua. Nilimdhania Owuor ni fisi anayezunguka boma. Alikuwa fundi baiskeli mpole, mwenye mke aitwaye Risper na watoto wanne, na siku hiyo alikuwa anamsihi mama yake karibu kulia.

"Mama, mimi sitaki. Risper ameniambia nikiingia nyumba hiyo yeye anakwenda kwao. Na yule mwanamke hanitaki. Tafuta mtu mwingine, tumlipe."

"Mtu wa kulipwa aingie nyumba ya mtoto wangu? Siwezi."

"Basi tutundike koti langu ukutani tuseme nimelala humo. Watu siku hizi wanafanya hivyo."

"Chira haiogopi koti," Mama akasema. Kisha nikasikia kuni zikivunjwa. Aliporudi kusema, sauti ilikuwa ya chini na sikuwahi kuisikia tena maisha yake yote. "Owuor, wewe hukuwepo. Mume wangu wa kwanza alipokufa, nyumba yangu ilivuja. Nilikuwa msichana, nilijiona mjanja. Nikapanda mwenyewe nikaweka nyasi. Nilikuwa na watoto wawili. Walikufa kabla ya mavuno, wote wawili, mmoja Alhamisi na mwingine Jumatatu. Mimi ndiye niliyewaua kwa nyasi. Sitanyamaza nione huyu msichana akifanya nilichofanya. Yule mtoto ni mgonjwa tayari, kitu kidogo tu kitamwondoa."

Nililala pale nikitazama mabati. Mpaka saa ile nilikuwa na adui, na adui husaidia, humfanya mtu asimame wima. Sasa nilikuwa na mwanamke mzee aliyempenda mtoto wangu kama mimi nilivyompenda, anayeogopa afe kama mimi nilivyoogopa, na woga wake na wangu ulikuwa umeshika kamba moja kila mmoja upande wake. Leo ninapoandika ninajua pia kwamba mtoto mmoja au wote wawili wale huenda walikuwa na damu kama ya Akoth, maana ugonjwa huu hupita katika ukoo, na labda kilichowaondoa ni hiyo mvua iliyovuja kabla hajapanda juu. Lakini hilo nililifikiria baada ya miaka. Siku ile nilimwonea huruma tu, na nikaogopa kwa sababu huruma haizibi ufa.

Mwezi wa saba ulikuja. Maumivu ya kwanza yalikuwa ya mikono na miguu, tukayapita nyumbani kwa maji na vidonge na kukandwa mafuta ya moto. Ya pili yalikuwa ya kifua. Akoth aliamka saa kumi na mbili asubuhi akipumua kama mtu aliyekimbia, mbavu zikizama, midomo ina rangi ya majivu. Owuor ndiye aliyetubeba kwa baiskeli mpaka barabarani, na Mama alitufuata kwa miguu mpaka hospitali, hana viatu, na alipofika alikaa sakafuni miguuni pa kitanda cha mtoto akashika kidole chake cha mguu. Siku tisa. Alipewa hewa ya mtungi na damu ya watu wengine. Daktari wa zamu, kijana aliyenyoa vizuri, aliniuliza mtoto analala wapi, nikamweleza nyumba ilivyo, naye akanitazama kwa namna ambayo bado naihisi.

"Mama, hii ya kifua ikirudi, sitakudanganya. Mnashindwaje kuziba ukuta? Udongo si wa bure?"

"Ni wa bure," nikamjibu.

Mama alikuwa pale pale. Alielewa Kiswahili cha daktari neno kwa neno, na alikuwa hajala tangu juzi, na bado hakusema, haya, zibeni. Hakuweza. Nilimwona akitaka na asiweze. Tulitazamana juu ya yule mtoto mwenye mipira puani, na nikajua kwamba kati yetu wawili, ninayeweza kusogea ni mimi. Yeye alikuwa na makaburi mawili nyuma yake yaliyomzuia, mimi sikuwa na kitu isipokuwa mwili wangu na jina langu katika kitabu cha kanisa. Nilipiga moyo konde. Siku ya kuruhusiwa, tukiwa tumekaa kwenye benchi tukingoja dawa, nikamwambia bila kumtazama, "Mama, mwambie Owuor aje."

Hakushangilia. Alishika mkono wangu akauweka mapajani pake, akaufunika kwa khanga. "Asante, nyathina," akasema. Mtoto wangu. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Usiku ule sitauandika. Owuor hakuwa mtu mbaya, na kabla ya lolote alisema, "Shemeji, nisamehe," nami nikamwambia anisamehe pia, na labda hilo ndilo jambo la pekee la haki lililosemwa katika boma lile mwaka mzima. Risper alikwenda kwao kama alivyoahidi. Alirudi baada ya mavuno, na mpaka leo tukikutana tunasalimiana kwa adabu nyingi mno. Nitakachoandika ni asubuhi yake.

Nilifungua mlango saa moja, ukungu umejaa uani, nikaona watu. Mwanzoni nilidhani kuna msiba. Walikuwa wanawake wa boma lote, na wa boma la pili, na vijana watatu wa kanisa waliokuja na toroli lile lile, safari hii bila Mzee Elisha na bila maombi. Kulikuwa na madebe ya maji yaliyochotwa tangu alfajiri, lundo la kinyesi cha ng'ombe kibichi kikifuka moshi, udongo umeshachimbwa, umeshapigwa maji. Waliingia ndani kwangu wakicheka, wakang'oa magunia na mabaki ya katoni, mmoja akaiinua ile suruali yenye nyasi akauliza ni nani huyu, wengine wakamnyamazisha. Mama alikunja gauni akalifunga kiunoni, akakanyaga udongo, akaongoza wimbo. Wanawake watatu walinikumbatia, na mmoja akaniambia sasa nitakwenda kwake kunywa chai. Nilisimama mlangoni nikiwa na Akoth mgongoni, nikiiangalia mikono ile. Ilikuwa mingi na yenye haraka, na ilijua kazi. Ilipita juu ya nyufa nilizozijua moja moja na nyuma yake hapakubaki kitu. Siku mbili. Kazi yote ilichukua siku mbili, na jioni ya siku ya kwanza upande wa Kisii ulikuwa umekwisha. Kwa miezi mitano walikuwa wakiishi hatua thelathini kutoka kwangu, na udongo huo huo chini ya miguu yao. Nimejaribu kulisamehe jambo hilo kwa miaka ishirini, na vipande vingine nimeweza. Ule wepesi wake sijauweza.

Ukuta ulipokauka tulilala. Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya ajabu kwa sababu ya ukimya. Sikusikia kuni zikivunjwa wala Mama akikohoa, na nilidhani masikio yangu yameziba. Mvua ilikuwa ikinyesha nje, mvua ya ukungu, ile mbaya. Mama alipiga hodi akaingia, kwa kuwa sasa aliweza kuingia, amebeba bakuli la uji wa wimbi. Alipapasa ukuta kwa kiganja kuanzia mlangoni mpaka kichwani pa kitanda. Kisha akaketi kando yangu, tukamtazama Akoth, amefunikwa blanketi mbili na sweta na soksi kama nilivyomzoesha.

"Umeona?" Mama akasema. "Sasa ataishi."

"Ataishi, Mama," nikasema.

Aliamini ni tero. Mimi niliamini ni udongo. Aliamini hivyo mpaka alipozikwa, na kila mwaka Akoth alipoongeza umri Mama alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi kwa upole, nami nilimtazama vivyo hivyo, kwa kuwa ushahidi wetu ulikuwa mmoja, na ulikuwa pale kitandani. Asubuhi ile Akoth alijinyoosha, akaupiga teke mguu wangu, akazisukuma blanketi zote mbili mpaka zikaanguka sakafuni. Uso wake ulikuwa na jasho. Mama na mimi tuliinama pamoja kuziokota, mikono yetu ikagongana, na mtoto akatukunjia uso, akakasirika kabisa.

"Wacheni," akasema. "Nasikia joto."